Maji ya kisima: hasara huanzia kwenye chupa ya sampuli

USHAURI wa kwanza anaopewa mkulima anayetaka kuanzisha bustani ya kumwagilia kwa kisima ni kupima maji kabla ya kununua pampu. Ushauri huo ni mzuri. Tatizo ni namna unavyofuatwa. Chupa ya soda iliyosuuzwa harakaharaka hujazwa maji ya kwanza yanayotoka kwenye bomba, hufungwa, hukaa siku mbili kwenye buti la gari, ndipo ifikishwe maabara. Baadaye mkulima hupewa karatasi yenye mhuri na tarakimu nyingi, na kwa karatasi hiyo huamua alime nini na akope kiasi gani.

Maabara inaweza kuwa na mashine bora na wataalamu waaminifu, ikapima kwa usahihi maji yaliyomo kwenye chupa. Haina namna ya kujua kama maji hayo yanafanana na yale yaliyoko chini ya shamba. Kosa likishafanyika kisimani, hakuna mashine ya mjini inayoweza kulirekebisha.

Kwa mkulima hili ni suala la fedha. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilichapisha mwaka 1985 viwango vya ubora wa maji ya kumwagilia ambavyo wataalamu wanavitumia hadi leo. Chumvi hupimwa kwa kuangalia jinsi maji yanavyopitisha umeme, na kipimo chake ni mikrosimensi kwa sentimita. Kwa viwango hivyo, maharage na karoti huanza kupunguza mavuno maji yakizidi 700. Vitunguu huanza kwenye 800, mahindi 1,100, kabichi 1,200 na nyanya 1,700. Maji yakifika 2,900 vitunguu hutoa nusu tu ya mavuno yake, wakati nyanya hufikia hali hiyo kwenye 5,000. Ikumbukwe kwamba hesabu hizo ni za shamba linalopitisha maji vizuri, ambako sehemu ya maji hupita chini ya mizizi na kuondoka na chumvi. Kwenye udongo mzito unaotuamisha maji hali huwa mbaya zaidi.

Kwa hiyo kati ya 700 na 1,700 ndipo unapoamuliwa msimu wa vitunguu au wa nyanya, na tofauti ya namna hiyo ndiyo inayofichwa kwa urahisi na sampuli mbovu. Chukua mfano wa mkulima wa pwani aliyepima maji mwishoni mwa Mei, masika yakiwa yamekwisha punde, akapata 600. Anachukua mkopo na kupanda vitunguu ili avune wakati wa ukavu, bei ikiwa nzuri. Ifikapo Septemba, baada ya miezi ya pampu kuvuta bila mvua, kisima hichohicho kinaweza kuwa kinatoa maji ya 1,500. Ncha za majani zinaungua, vitunguu vinabaki vidogo, na rejesho la mkopo halingoji. Karatasi ya maabara haikusema uongo. Ilijibu swali la Mei, na mkulima alikuwa anamwagilia Agosti na Septemba.

Chumvi inayopanda kutoka chini

Ukanda wa pwani una shida yake ya pekee. Ukame wa mwaka 1997 ulipopunguza maji ya Mto Ruvu, ambao ni tegemeo kubwa la maji ya bomba ya Dar es Salaam, visima vingi vilichimbwa jijini, na uchimbaji haukusimama mvua ziliporudi. Tafiti zilizofanyika tangu wakati huo zimeonyesha chumvi katika baadhi ya visima vilivyo karibu na bahari, na naitreti itokanayo na vyoo vya shimo katika maeneo yenye makazi ya kubanana.

Sababu ya chumvi hiyo si ngumu kuielewa. Maji matamu ni mepesi kidogo kuliko maji ya bahari, hivyo chini ya ardhi huelea juu yake. Kanuni inayojulikana tangu mwishoni mwa karne ya 19 inasema kwamba kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Hesabu hiyo ikigeuzwa inatisha. Usawa wa maji ukishuka mita moja na kubaki hapo, mpaka wa maji ya bahari unaweza hatimaye kupanda mita 40. Jambo hilo halitokei kwa siku moja. Huchukua miaka, na katika miaka hiyo wenye visima huendelea kuchimba na kuvuta wakiamini kuwa mambo ni shwari.

Anayesubiri kuonja chumvi mdomoni amechelewa. Maji ya bahari hufikia karibu mikrosimensi 50,000. Asilimia mbili tu ya maji hayo ikichanganyika na maji mazuri ya 500, mchanganyiko hukaribia 1,500. Watu wengi wataendelea kuyanywa bila kulalamika, lakini vitunguu na maharage vitakuwa vimeshaathirika.

Kisima kisichouza maji

Njia ya kuipata habari hiyo mapema ni kuwa na kisima cha ufuatiliaji. Hiki ni kisima chembamba, kisichofungwa pampu ya kumwagilia, kinachochimbwa kwa ajili ya kupima usawa wa maji na kuchukua sampuli tu. Wakulima huuliza kwa nini fedha zitumike kuchimba kisima kisichotoa maji ya kuuza wala ya shambani. Swali hilo ni la haki.

Jibu lake ni kwamba kisima cha uzalishaji ni shahidi mbaya wa hali yake chenyewe. Pampu ikiwaka maji hushuka, ikizimwa hupanda, na kipimo cha leo hakilinganishwi na cha jana. Aidha, bomba lake hutobolewa sehemu ndefu ili kipate maji mengi, hivyo maji ya tabaka la juu na la chini huchanganyika ndani yake. Chumvi inayoanza kuingia kutoka chini hufichwa na maji matamu ya juu hadi inapokuwa nyingi.

Faida ya kupima kwa muda mrefu imeonekana Makutupora, kaskazini mwa Dodoma, eneo linalojulikana kwa zabibu na ambalo visima vyake huipatia Dodoma maji. Usawa wa maji ya ardhini ulianza kupimwa huko katika miaka ya 1950. Mwaka 2013 watafiti, wakiwemo Watanzania, walichapisha katika jarida la Nature Climate Change uchambuzi wa vipimo vya miaka 55. Waligundua kwamba akiba hiyo haijazwi kidogo kidogo kila mwaka. Hujazwa kwa kishindo katika misimu michache yenye mvua kubwa kupita kawaida, kama ule wa El Nino wa 1997/98, kisha hushuka taratibu kwa miaka hadi mvua nyingine ya namna hiyo. Anayeangalia msimu mmoja angeweza kusema maji yanakwisha, au kwamba hayatakwisha kamwe, na katika hali zote mbili angekosea.

Si kila kikundi kitaweza kuchimba kisima kipya. Kisima kilichoachwa kinaweza kutumika, ili mradi kina chake kinajulikana, inajulikana bomba limetobolewa kuanzia mita ngapi hadi ngapi, na hakijageuzwa jalala. Kisima ambacho hakuna anayejua kilivyojengwa hakifai, hata kama hakina gharama, kwa sababu haitajulikana maji yake yanatoka tabaka gani.

Fundi asiachwe peke yake

Pale panapochimbwa kipya, mahali ndipo pa kuanzia. Ikiwa hofu ni bahari, kisima kikae kati ya pampu na bahari, ili chumvi ionekane hapo kabla ya kufika shambani. Ikiwa hofu ni dampo, machinjio au kiwanda, kimoja kiwe upande maji yanakotoka na viwili au zaidi upande yanakoelekea. Mwelekeo huo haukisiwi kwa mteremko wa ardhi pekee. Vinahitajika walau visima vitatu vilivyokaa pembetatu, na midomo yake ipimwe na mpima ardhi kwa usawa mmoja. Maji huenda kutoka palipo juu kwenda palipo chini, na mara nyingine matokeo hupingana na macho.

Ujenzi wenyewe una hatua ambazo fundi mwenye haraka huziruka. Shimo la inchi sita hadi nane huwekwa bomba la PVC la milimita 50. Sehemu ya chini yenye matundu membamba, ambayo mafundi huiita skrini, huwekwa mkabala na tabaka la maji linalochunguzwa, na isizidi mita tatu hivi. Ikiwa ndefu, ugonjwa uleule wa kuchanganya maji hurudi. Mabomba yaunganishwe kwa nyuzi za kuzungusha, si kwa gundi. Gundi ya PVC ina kemikali ambazo huingia kwenye maji na kuonekana maabara kana kwamba ni uchafuzi wa ardhini.

Kuzunguka skrini hujazwa mchanga safi wa chembe kubwa, au changarawe ndogo iliyooshwa, hadi kupita juu ya skrini kwa sentimita 60 hivi. Juu yake huwekwa kizibo cha bentonaiti, udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa, unene wa sentimita 60 hadi mita moja. Kisha hujazwa mchanganyiko wa saruji na bentonaiti hadi karibu na uso wa ardhi. Juu kabisa hujengwa zege lenye mteremko wa kutoa maji nje, bomba hufunikwa na kutiwa kufuli.

Kizibo hicho ndicho roho ya kisima, na ndicho kinachoibwa zaidi, kwa maana kwamba hakionekani baada ya kazi kwisha. Fundi akikirukia na kujaza udongo aliouchimbua, maji ya juu yenye mbolea, kinyesi cha mifugo na masalia ya dawa yatateremka kando ya bomba hadi kwenye skrini. Maabara itaripoti kwa usahihi kabisa uchafu ulioletwa na kisima chenyewe. Kwa sababu hiyo mwakilishi wa kikundi anapaswa kusimama pale siku hiyo, ahesabu mifuko ya bentonaiti inayoingia shimoni, na apime kwa kamba yenye uzito kila tabaka limefika mita ngapi.

Baada ya hapo kisima huoshwa. Maji husukumwa juu na chini na kutolewa mara nyingi hadi yawe maangavu, ili tope la kuchimbia liondoke. Kisima kisichooshwa hutoa maji ya mashine ya kuchimba. Sampuli isichukuliwe siku hiyohiyo; ni vema kusubiri wiki moja au mbili maji yatulie. Fundi aache karatasi yenye kina, tabaka alizokutana nazo na mahali skrini ilipo. Bila karatasi hiyo asilipwe fungu la mwisho.

Kwa upande wa sheria, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka kibali cha kutumia maji, na nchi imegawanywa katika mabonde tisa. Dar es Salaam iko katika Bonde la Wami/Ruvu. Ofisi ya bonde ndiyo ya kuulizwa kabla ya mashine kuletwa shambani.

Maji ya kwanza ni ya kumwagwa

Maji yaliyolala ndani ya bomba si maji ya ardhini tena. Yamekaa na hewa, joto lake limebadilika, chuma kilichokuwa kimeyeyuka kimeganda, gesi zimetoka. Kwa hiyo kabla ya kujaza chupa hutolewa maji yanayolingana na ujazo wa bomba mara tatu hadi tano.

Hesabu yake ni nyepesi. Bomba la milimita 50 hubeba karibu lita mbili kwa kila mita. Ikiwa kisima kina kina cha mita 30 na maji yanaanza mita 15, safu ya maji ni mita 15, yaani lita 30. Mara tatu ni lita 90, ndoo nne na nusu za lita 20. Kwa kisima cha kawaida cha bomba la milimita 150 kila mita hubeba karibu lita 18, hivyo safu hiyohiyo inahitaji kutolewa karibu lita 800. Anayefungua pampu na kujaza chupa dakika ileile amepima bomba, hakupima ardhi. Njia ya uhakika zaidi ni kupima joto, uchachu na chumvi kila baada ya dakika chache wakati maji yanatoka, na kujaza chupa pale tu vipimo vinapoacha kubadilika. Kipima chumvi cha mkononi kinatosha kwa kazi hiyo, na kikundi kinaweza kununua kimoja.

Usawa wa maji hupimwa kabla ya yote hayo, asubuhi pampu za jirani zikiwa zimepumzika. Asiye na kifaa cha umeme anaweza kutumia futi ya chuma iliyopakwa chaki kwenye mita ya mwisho. Huteremshwa hadi chaki iguse maji, kisha husomwa pale ilipolowa. Pimo lianzie alama ileile ya rangi kwenye mdomo wa bomba, kila mara.

Chupa nazo hazifanani. Kwa chumvi za kawaida inatosha chupa safi ya plastiki, isuuzwe mara tatu kwa maji ya kisima hichohicho na kujazwa hadi pomoni bila kuacha hewa. Kwa floraidi plastiki ni lazima, kwani kioo huivuta. Kwa vijidudu chupa iwe imechemshwa na kufungwa maabara, isisuuzwe hata kidogo, na ifike maabara ndani ya saa sita, ikishindikana kabisa isizidi 24. Naitreti ikae gizani kwenye barafu na ipimwe ndani ya saa 48. Buti la gari lililopigwa jua huibadilisha. Kwa madini kama chuma, maji huchujwa kwanza hapo kisimani ndipo yatiwe asidi. Asidi ikitiwa kwenye maji yenye tope huyeyusha tope lenyewe, na mkulima ataambiwa kisima chake kina chuma kingi kumbe ni udongo. Uchachu na joto hupimwa palepale, kwa sababu havisafirishiki.

Kila chupa iandikwe kwa kalamu isiyofutika jina la kisima, kina, tarehe, saa na jina la aliyechota. Penye visima vingi huanzwa na kile kinachodhaniwa kuwa safi, humalizwa na kichafu.

Maabara hujibu ilichoulizwa

Hata sampuli nzuri inaweza kupewa swali baya. Mfano unaojulikana duniani ni wa Bangladesh, ambako kuanzia miaka ya 1970 mamilioni ya visima vya bomba yalichimbwa ili watu waache kunywa maji machafu ya madimbwi. Mwaka 1992 wataalamu kutoka Uingereza walipima maji ya baadhi ya visima hivyo kwa vitu vingi, lakini aseniki haikuwamo katika orodha. Mwaka 1993 sumu hiyo iligunduliwa, na baadaye ikabainika kuwa mamilioni ya watu walikuwa wakiinywa. Shauri lililofunguliwa dhidi ya taasisi iliyohusika lilifika hadi mahakama ya juu ya Uingereza mwaka 2006, na walalamikaji wakashindwa.

Kwa Tanzania, swali linalosahaulika lisilosameheka ni floraidi katika mikoa kama Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na Shinyanga. Haina ladha, na kipima chumvi cha mkononi hakiioni. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita katika maji ya kunywa, na naitreti isizidi 50. Mkulima ambaye kisima chake cha bustani ndicho pia kisima cha familia aviombe vyote viwili kwa jina.

Karatasi ikirudi, yapo mambo mawili ambayo hata asiye mkemia anaweza kuyakagua. Jumla ya chumvi iliyoyeyuka, kwa miligramu, huwa kati ya 0.55 na 0.7 ya kipimo cha umeme. Maji ya 1,000 yakiandikwa kuwa na miligramu 1,500, kuna kosa mahali. La pili, kikundi kinaweza kupeleka chupa mbili za kisima kimoja zenye namba tofauti bila kusema. Majibu yakipishana sana, fedha ya kurudia kipimo idaiwe kwa adabu.

Gharama hizi ni kubwa kwa mtu mmoja na hubebeka kwa kikundi cha wakulima wanaovuta tabaka moja la maji, ambao kwa vyovyote chumvi ikiingia itawakuta wote. Makubaliano yawe kwa maandishi: nani anapima, ufunguo wa kufuli uko kwa nani, na daftari linakaa kwa nani, wasiwe mtu mmoja. Usawa wa maji na chumvi vipimwe kila mwezi kwa vifaa vya kikundi. Sampuli kamili ya maabara ichukuliwe mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Februari kabla ya masika, na mwishoni mwa Septemba kabla ya vuli, wakati pampu zimefanya kazi kwa muda mrefu zaidi bila mvua.